Mkataba wa Kijamii: Nani Alitia Saini?



Likizo iliyopita tulikuwa parokiani kwa kazi za kichungaji. Jioni moja, baada ya sala ya jumuiya, tuliombwa tueleze tunasoma nini seminarini. Tukasema tunasoma falsafa ya siasa, na kwamba wapo wanafalsafa waliofundisha kuwa serikali imetokana na mkataba kati ya watu. Bibi mmoja mjane akauliza, "Frateri, mwanangu, mimi huo mkataba niliutia saini lini?" Watu wakacheka, lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa anadaiwa mchango wa ujenzi wa darasa uliopitishwa katika mkutano, na siku ya mkutano huo yeye alikuwa hospitalini akimuuguza mjukuu. Alipolalamika aliambiwa: wananchi walikubaliana.

Siku ile tulimjibu vibaya. Makala haya ni jaribio la pili.

Wengi wetu tuliingia darasani tukidhani kuwa wazo la ridhaa ya watu lililetwa na maadui wa Kanisa. Sivyo. Mwanzoni mwa karne ya 17, Mfalme James I wa Uingereza alishikilia kuwa mfalme hupokea mamlaka moja kwa moja kutoka kwa Mungu na hawajibiki kwa raia. Miongoni mwa waliompinga walikuwa Wajesuiti wawili, Kardinali Roberto Bellarmino na Francisco Suárez. Suárez alifundisha kuwa mamlaka yatoka kwa Mungu, ila Mungu huyaweka kwanza katika jamii nzima, na jamii ndiyo humkabidhi mtawala. Kitabu chake cha mwaka 1613 kilichomwa moto London kwa amri ya mfalme. Baadaye Robert Filmer, aliyetetea kuwa wafalme wamerithi ubaba wa Adamu, alielekeza mashambulizi yake kwa Bellarmino; naye John Locke akaandika risala nzima kumjibu Filmer. Kwa hiyo mjadala huu ulipita sebuleni kwetu kabla ya kufika kwao.

Thomas Hobbes alitangulia kidogo Zama za Mwangaza zenyewe, lakini bila yeye waliofuata hawaeleweki. Aliandika Leviathan akiwa uhamishoni Paris, kikachapishwa mwaka 1651. Nchi yake ilikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe tangu 1642, na mwaka 1649 Mfalme Charles I alikatwa kichwa. Hobbes anatuomba tufikirie watu wasio na serikali yoyote. Kila mmoja ana haki juu ya kila kitu, kwa hiyo hakuna mwenye uhakika na chochote: anayelima hajui kama atavuna yeye. Kwa woga na kwa akili, watu wanapatana kumwachia mtawala mmoja haki zao. Hapa tusome polepole. Wanaopatana ni raia wao kwa wao. Mtawala hakupatana na mtu. Ndiyo maana, kwa Hobbes, mtawala hawezi kushtakiwa kuwa amevunja mkataba. Kinachobaki kwa raia ni haki ya kujinusuru uhai wake. Bibi yetu angejibiwa: unalala kwa amani, basi lipa. Darasani wengi walimcheka Hobbes. Mwenzetu mmoja aliyekulia jirani na kambi ya wakimbizi hakucheka.

Locke (1632–1704) alichapisha Risala Mbili za Serikali mwaka 1689 bila kuweka jina lake. Kwake, hata kabla ya serikali kuna sheria ya asili, kwa kuwa watu wote ni kazi ya mikono ya Muumba mmoja. Serikali ni amana: imekabidhiwa kulinda uhai, uhuru na mali, na ikisaliti amana hiyo watu wanaweza kuiondoa. Kodi nayo yahitaji ridhaa ya walio wengi, wao wenyewe au kupitia wawakilishi wao. Na asiyetamka ridhaa? Locke anasema anayefaidi nchi, hata kwa kupita tu barabarani, ameridhia kimyakimya. David Hume alimjibu vizuri mwaka 1748: ni sawa na kumpandisha mtu melini akiwa usingizini, kisha kumwambia kuwa amekubali utawala wa nahodha kwa sababu hajajitupa baharini.

Tuongeze jambo ambalo vitabu vya kiada hulipita haraka. Locke huyo huyo alishiriki kuandaa katiba ya koloni la Carolina ya mwaka 1669, iliyompa bwana mamlaka kamili juu ya mtumwa wake Mwafrika. Mkataba ulikuwa na waliobaki nje ya mlango.

Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha 1762, alikataa kabisa kuwa utashi wa mtu unaweza kuwakilishwa na mwingine. Angemwambia bibi kuwa alipaswa awepo mkutanoni mwenyewe. Kuhusu mjukuu mgonjwa, Rousseau hana la kutusaidia.

Kanisa linasimama wapi? Papa Leo XIII, katika Diuturnum ya mwaka 1881, alikataa kuwa mkataba wa watu ndio chemchemi ya mamlaka. Lakini katika waraka huo huo alikubali kuwa watu wanaweza kumteua atakayetawala. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Gaudium et Spes namba 74, unasema vivyo hivyo: mamlaka ni ya mpango wa Mungu, ila aina ya utawala na uteuzi wa viongozi vimeachwa kwa hiari ya raia. Kwa hiyo bibi hakutia saini popote, wala haikuhitajika. Alizaliwa ndani ya jamii kama alivyozaliwa ndani ya familia, na kuwa na wajibu kwa jamii hakuanzi na mkutano.

Ila hapo ndipo jibu letu la kwanza lilipokosea, kwa sababu tuliishia hapo. Mtakatifu Thomas wa Akwino anataka sheria ipimwe kwa mambo matatu: je, inalenga manufaa ya wote, je, aliyeitunga ana mamlaka hayo, na je, mzigo umegawanywa kwa uwiano. Darasa la watoto ni manufaa ya wote, na mkutano una mamlaka yake. Sharti la tatu halitimizwi kwa kuhesabu mikono iliyonyooshwa.

Bibi yule alitozwa kiasi kile kile alichotozwa mwenye duka la jumla pale senta. Alitueleza hilo jioni ile ile, nasi tukalipita, tukaendelea na Hobbes.