Threads kwa anayeanza: andika bei!

Wafanyabiashara wenzangu, mwezi wangu wa kwanza Threads sikuuza hata kilo moja. Kujiunga ni rahisi, unaingia kwa akaunti yako ya Instagram. Shida ilikuwa posti zangu: "Parachichi zipo, bei inboksi." Mteja wa Dar kauliza asubuhi, mimi niko shamba huku Uwemba, mtandao hamna. Najibu jioni, keshanunua kwingine. Iliniuma jamani!

Sasa naandika hivi: "Parachichi Hass, Uwemba Njombe, kilo 2,500, natuma kwa basi kila Jumanne, oda mwisho Jumatatu." Nafasi ni herufi 500, zinatosha kabisa.

Pia usiposti tu ukakaa. Tafuta neno "parachichi", wajibu wanaoulizia. Wateja wangu wawili wa kwanza niliwapata humohumo. Na picha piga mwenyewe, ya kuokota Google wanaijua.