SOMO LA VIKUNDI: Kabla ya Kununua Kinanda cha Zamani cha Hammond

Somo la leo ni la vikundi vya kwaya vinavyochanga pesa ili kununua kinanda. Kinanda cha Hammond kina sifa kubwa. Kilianza kuuzwa mwaka 1935 huko Chicago, Marekani, na makanisa mengi yasiyoweza kumudu kinanda cha mabomba yalikinunua. Makanisa ya Wamarekani weusi ndiyo hasa yaliyokipa jina katika nyimbo za injili. Aina inayojulikana zaidi, B-3, ilitoka mwaka 1954, na utengenezaji wake ulikwisha katikati ya miaka ya 1970. Basi B-3 mtakayouziwa leo ni mzee. Ikitunzwa inapiga vizuri, lakini pesa za kikundi ni jasho la wengi. Tusinunue kwa sifa tu.

Kinavyofanya kazi

Ndani ya B-3 mna magurudumu madogo ya chuma 91, yenye meno pembeni. Mota huyazungusha. Kila gurudumu hupita karibu na sumaku iliyozungushiwa waya, na meno yale huamsha stima kidogo katika waya. Stima hiyo ikikuzwa na kupelekwa kwenye spika, ndiyo sauti mnayosikia. Meno hayabadiliki, kwa hiyo kinanda hiki hakihitaji kulinganishwa sauti kama piano.

Lakini mota hufuata mapigo ya stima, na hapo ndipo penye mtego.

Someni kibandiko kwanza

Stima ya Kenya ni volti 240, nayo hupiga mara 50 kila sekunde (50 Hz). Ya Marekani ni volti 120, mara 60. Watu wengi hufikiri transfoma itamaliza shida. Kumbe sivyo! Transfoma hupunguza volti, haigusi mapigo. Kinanda cha 60 kikiwekwa kwenye stima ya 50, mota huzunguka polepole, na sauti zote hushuka. Mkibonyeza Do, mtasikia karibu na La ya chini. Hakitapatana na gitaa wala kinanda kingine.

Vilitengenezwa pia vya 50 Hz, kwa mfano vya kuuzwa Uingereza. Hivyo ndivyo vya kutafuta. Cha 60 kinahitaji mashine ya kubadili mapigo, na bei yake lazima iingie katika hesabu. Wenye jenereta pia waangalie: injini ikilegea, wimbo mzima unashuka nayo.

Mambo ya kukagua

1. Spika. B-3 na C-3 hazina spika ndani. Ulizeni kama inauzwa pamoja nazo, la sivyo mtanunua tena.

2. Kuwasha. B-3 ina swichi mbili. Shikilia ya kwanza (Start) kama sekunde 8. Ukiendelea kuishikilia, washa ya pili (Run), ngoja sekunde 4, kisha achilia ya kwanza. Mota ikikataa kuzunguka, huenda mafuta yamekauka.

3. Vibonyezo. Jaribuni kimoja kimoja. Kilicho kimya kibonyezwe haraka mara kama ishirini, maana mara nyingi ni vumbi tu.

4. Mbao na nyaya. Tazameni nyuma kwa tochi, mtafute alama za mchwa na panya.

5. Uzito. Pamoja na kiti na kanyagio, B-3 hupita kilo 150. Kabla ya safari, fundi akaze skrubu zinazozuia mashine ya ndani isicheze.

Kukitengeneza

Anzeni na mafuta. Tumieni yale ya Hammond yenyewe, si ya gari wala ya kupikia, kwa sababu hayo huziba nyuzi zinazopeleka mafuta kwenye magurudumu. Kilichokaa miaka bila kutumika kipewe mafuta na kuachwa siku kadhaa kabla ya kuwashwa. Baada ya hapo, mara moja kwa mwaka inatosha.

HATARI: Kikuza sauti chake cha valvu kina volti mamia, na zaweza kubaki ndani hata plagi ikitolewa. Vijana wa kwaya wasikifungue. Kazi hiyo ni ya fundi anayejua redio za valvu.

Hesabu ya mweka hazina

Bei ya muuzaji ni mwanzo tu. Andikeni pia spika, usafiri, mafuta, fundi, na mashine ya mapigo ikihitajika. Jumlisheni yote, kisha mlinganishe na bei ya kinanda kipya cha kawaida. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi.

Maswali ya kujadili

1. Stima yetu inatoka wapi, na je, mapigo yake ni imara?
2. Ni fundi gani wa karibu anayeweza kwenda nasi kukagua kabla ya kulipa?
3. Kikiharibika mwaka ujao, pesa za kukitengeneza zitatoka wapi?

Kama swali la tatu halina jibu, pesa zibaki benki kwanza.