SOMO LA KIINGEREZA: MAJINA YA VYAKULA

Watu wengi wajifunzao Kiingereza hudhani kwamba kila neno la Kiswahili lina mwenzake mmoja tu katika lugha hiyo. Sivyo. Katika mambo ya vyakula pengine sisi tuna maneno matatu mahali Waingereza walipo na moja, na pengine wao wana mawili mahali sisi tulipo na moja. Asiyejua haya hupata hasara, kama nilivyoipata mimi.

Mwaka mmoja wazee wa kijiji chetu waliniagiza niandike barua kwa mfanya biashara wa mjini, atuletee magunia mawili ya mpunga wa kupanda. Nikaandika "rice". Magunia yakafika, tulipoyafungua, kumbe ni mchele mweupe! Nao mchele uliokwisha kukobolewa hauoti. Barua ya pili ilipojibiwa, mvua za kupandia zilikuwa zimekwisha pita. Mfanya biashara hakukosa. Kosa lilikuwa la kalamu yangu.

Basi shikeni haya:

"Rice" ni mpunga, ni mchele, tena ni wali. Ukitaka mpunga, andika "paddy", na kama ni wa mbegu, tangulizia neno "seed". Wali ni "cooked rice".

"Corn" kwa Waingereza ni nafaka, hasa ngano. Kwa Wamarekani ni mahindi. Ili usikosee, mahindi yaite "maize".

Ng'ombe ni "cow", lakini nyama yake ni "beef". Kondoo ni "sheep", nyama yake "mutton". Nguruwe ni "pig", nyama yake "pork". Majina haya ya nyama yalitoka katika Kifaransa, baada ya Wanormani kuishinda Uingereza mwaka 1066. Majina ya wanyama wenyewe yalibaki ya wenyeji.

"Chicken" ni kuku, akiwa hai au akiwa nyama. "Kitchen" ni chumba cha kupikia.

"Cook" ni mpishi. "Cooker" si mpishi, ni jiko lenyewe.

"Soup" ni supu. "Soap" ni sabuni.

Zoezi: Andikeni kwa Kiingereza, "Mpunga umevunwa, mchele umepimwa, wali umeiva." Atakayeandika "rice" tupu mara tatu, na arudie somo kabla hajaandikia wazee barua.