Geuza Santuri, Usiruke Wimbo

Santuri ya Zombie ya mwanamuziki Fela Kuti wa Nigeria ina nyimbo mbili tu, mmoja kila upande. Miaka mingi niliisikiliza kwenye simu nikiamini naijua. Kumbe nilikuwa najua nusu. Wimbo wa pili, Mister Follow Follow, ulipoanza, mimi tayari nilikuwa nasoma ujumbe au nimeingia jikoni.

Siku nilipoipata santuri yenyewe, sindano ilifika mwisho wa upande wa kwanza, chumba kikanyamaza. Ikanibidi niinuke. Nikiigeuza, wale askari wa wimbo wa kwanza, Zombie, wanaotii kila amri bila kufikiri walikuwa bado kichwani mwangu, na hapo likaanza onyo kwa anayemfuata mwenzake huku amefumba macho. Nyimbo hizi zinajibizana! Na kuwakejeli askari hakukuwa mchezo: Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi ya Fela ya Kalakuta, Lagos, wakayachoma.

Tangu siku nilipoigeuza santuri ile, albamu naisikiliza nzima, kwa mpangilio wake.

Nawe ukitaka kusikiliza hivyo kwa santuri, ishike ukingoni, vidole visiguse mifereji. Ipitishie brashi laini kabla ya kushusha sindano. Uzito wa sindano ufuate kipimo cha kiwandani. Yangu inataka gramu 2. Niliwahi kuupunguza uzito huo nikidhani naihurumia santuri, sindano ikawa inarukaruka na kuumiza mifereji. Zihifadhi santuri zako zikiwa zimesimama kama vitabu, mbali na jua. Moja niliisahau dirishani mchana mmoja, ikapinda, na sijapata nyingine.

Mpangilio wa nyimbo una sababu zake, nyingine za kiufundi kabisa. Santuri ya inchi 12 kwa kawaida huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, lakini duara la karibu na kati ni dogo, kwa hiyo mfereji hupita chini ya sindano kwa kasi isiyofika nusu ya ile ya ukingoni. Huko sauti kali hupasuka kwa urahisi. Ndiyo maana mara nyingi wimbo mpole uliwekwa kufunga upande.

Simu siidharau. Faili nzuri haina mikwaruzo wala haichakai, nami husafiri nayo. Ila kwanza zima ule mpangilio wa kuchanganya nyimbo. Pakua albamu yote, kisha kata intaneti. Angalia pia nyimbo zilizoongezwa baadaye: matoleo mapya ya Zombie yana nyimbo ambazo hazikuwamo kwenye santuri ya awali, na zinaufuta kabisa ule mwisho wa Mister Follow Follow. Mimi hutengeneza orodha yangu yenye zile mbili peke yake.

Halafu tafuta mahali upande wa kwanza ulipoishia. Simamisha hapo. Inuka, ongeza chai kikombeni, rudi ukae, ndipo ubonyeze wimbo wa pili.