Paa la Gari Linalofunguka: Utumiaji Salama na Matunzo Yake

Katika barabara itokayo Tarime kwenda Mugumu, na kutoka Mugumu kwenda Ikoma karibu na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hupita magari ya namna mbili yenye paa linalofunguka. La kwanza ni gari la watalii, ambalo sehemu kubwa ya paa lake huinuliwa juu ya vyuma ili abiria wasimame na kutazama wanyama. La pili ni gari dogo, aghalabu lililonunuliwa Japani likiwa limekwisha kutumika, lenye kifuniko cha kioo kinachoendeshwa na mota ya umeme. La kwanza huonekana kwa wingi kati ya Julai na Oktoba, wakati makundi ya nyumbu yanapofika Mto Mara karibu na Kogatende. La pili huonekana mwaka mzima, na siku ya harusi mpiga picha husimama ndani yake, nusu ya mwili ikiwa nje.

Watu wengi hulihesabu paa hili kuwa ni dirisha tu lililowekwa juu. Kwa kweli ni mashine, na sheria zinazoitawala ni zile zile zinazofundishwa katika somo la fizikia. Makosa mawili huleta madhara mengi. Kosa la kwanza ni kudhani kwamba, kwa kuwa swichi ni nyepesi kuibonyeza, kani inayofunga kifuniko nayo ni nyepesi. Kosa la pili ni kudhani kwamba kifuniko kilichofungwa hakipitishi maji hata kidogo. Somo hili linaeleza kwa nini dhana hizo si sahihi, na mtumiaji anapaswa kufanya nini.

Sehemu za paa la umeme

Kifuniko cha kioo huteleza juu ya reli mbili za alumini, moja kila upande. Kebo mbili ngumu za chuma hukivuta wakati wa kufungua na kukisukuma wakati wa kufunga. Kebo hizo husogezwa na gurudumu dogo lenye meno, nalo huzungushwa na mota kwa njia ya gia ya parafujo.

Katika gia ya namna hiyo, parafujo huzunguka mara nyingi ili gurudumu lizunguke mara moja. Kwa hiyo mwendo hupungua na kani huongezeka, kama ilivyo kwa mtu anayeng'oa jiwe kwa mtaimbo mrefu. Gia hiyo ina tabia nyingine pia: parafujo huweza kulizungusha gurudumu, lakini kwa sababu ya msuguano gurudumu haliwezi kuizungusha parafujo. Ndiyo maana kifuniko hubaki pale kilipoachwa, hata gari likipita juu ya mawe. Ndiyo maana pia mtu anayekisukuma kwa mikono baada ya mota kuharibika huweza kuvunja meno au kupinda kebo bila kufanikiwa. Magari mengi yana tundu dogo karibu na mota, ambamo hutiwa ufunguo wa pembe sita ili mota izungushwe kwa mkono mpaka kifuniko kifunge.

Kidole hubonyeza, mota husukuma

Ichukuliwe kwamba mota inatumia umeme wa volti 12 na ampea 5. Nguvu inayochukuliwa kutoka katika betri ni:

volti 12 × ampea 5 = wati 60

Sehemu ya nguvu hiyo hupotea kuwa joto ndani ya mota, na sehemu nyingine hupotea kwa msuguano wa gia na reli. Ichukuliwe kwamba robo yake tu, yaani wati 15, inafika kwenye ukingo wa kifuniko. Ikiwa kifuniko kinasafiri meta 0.4 kwa sekunde 5, mwendo wake ni meta 0.08 kwa sekunde. Kani hupatikana kwa kugawanya nguvu kwa mwendo:

wati 15 ÷ meta 0.08 kwa sekunde = nyutoni 187.5

Kani hiyo inakaribia uzito wa ndoo ya maji ya lita 20 iliyojaa. Yule anayebonyeza swichi kwa ncha ya kidole hahisi chochote cha uzito huo.

Tena ukingo wa kifuniko ni mwembamba. Kani hiyo ikiangukia eneo la sentimeta 10 kwa sentimeta 1, yaani meta za eneo 0.001, kanieneo yake ni paskali 187,500. Kanieneo ya damu katika ateri za mtu mzima mwenye afya, moyo unaposukuma, ni paskali 16,000 hivi. Kanieneo ya ukingo ni zaidi ya mara kumi ya hiyo. Mtoto aliyetoa kichwa nje, kifuniko kikambana shingoni, huweza kukatiwa njia ya damu na ya hewa kabla mtu aliye mbele hajageuka kuona kilichotokea.

Kinga ya kubana na mipaka yake

Kwa sababu hiyo magari mengi ya miaka ya karibuni yana kinga. Kipimio kidogo huhesabu mizunguko ya mota. Kifuniko kikigonga kitu, mizunguko hupungua ghafla, na kompyuta ya gari huigeuza mota ili kifuniko kirudi nyuma. Kanuni za Marekani na za Ulaya zinataka kifuniko kinachojifunga chenyewe kirudi nyuma kabla kani ya kubana haijafikia nyutoni 100, yaani kiasi cha nusu ya ile iliyopatikana katika hesabu ya juu.

Mtumiaji asiitegemee kinga hiyo peke yake. Magari ya zamani hayana. Katika magari mengi kinga hukoma kufanya kazi mtu anapoendelea kushikilia swichi ya kufunga. Tena katika magari mengi betri ikiondolewa na kurudishwa, kompyuta husahau mahali kifuniko kinapoanzia na kuishia, na kinga hairudi mpaka fundi afuate utaratibu wa kitabu cha gari kuifundisha upya. Kamwe kinga isijaribiwe kwa mkono wa mtu. Kipande cha sponji nene kinatosha.

Kanuni ya dereva ni fupi: atazame juu, aseme kwa sauti kwamba anafunga, asubiri kujibiwa, ndipo abonyeze. Anaposhuka na kuwaacha watoto ndani, achukue ufunguo. Na ahakikishe kwamba swichi haifanyi kazi tena, kwa kuwa katika baadhi ya magari umeme wa paa hubaki kwa muda baada ya injini kuzimwa.

Mota inapokwama

Mota inayozunguka hujitengenezea volti zinazopingana na zile za betri. Ikiwa ukinzani wa nyaya za mota ni omu 0.6 na mkondo ni ampea 5, volti zinazotumika katika nyaya ni 3 tu. Volti 9 zilizobaki ni zile zinazopingwa na mzunguko wa mota. Mota ikikwama, volti hizo pinzani hutoweka, na mkondo unakuwa:

volti 12 ÷ omu 0.6 = ampea 20

Joto katika nyaya hufuata mraba wa mkondo. Kwa ampea 5 joto ni wati 15; kwa ampea 20 ni wati 240, yaani mara 16. Hapo ndipo fyuzi hukatika, na kwa kukatika kwake huiokoa mota na huzuia moto. Anayeweka karatasi ya pakiti ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi hakutengeneza chochote. Ameondoa mlinzi na kumwacha mwizi ndani. Fyuzi iliyokatika ibadilishwe kwa nyingine ya kipimo kile kile, baada ya kutafuta kilichoifanya mota ikwame.

Kusimama ndani ya paa lililo wazi

Mwendo wa juu unaoruhusiwa katika Hifadhi ya Serengeti ni kilometa 50 kwa saa, ambao ni sawa na meta 13.9 kwa sekunde. Swala akikatisha barabara na dereva akafunga breki, gari husimama, lakini abiria aliyesimama huendelea mbele kwa mwendo ule ule, kama sheria ya kwanza ya Newton inavyosema. Kimo ambacho mtu angeanguka ili kufikia mwendo huo hupatikana kwa kugawanya mraba wa mwendo kwa mara mbili ya mchapuko wa mvutano wa dunia:

(13.9 × 13.9) ÷ (2 × 9.8) = karibu meta 10

Kwa maneno mengine, kugonga ukingo wa paa kwa mwendo huo ni kama kuanguka kutoka ghorofa ya tatu. Hata kwa kilometa 20 kwa saa, kimo ni meta 1.6. Kwa hiyo abiria wasimame tu gari likiwa limetulia kabisa, na dereva asianze kuondoka kabla wote hawajaketi na kufunga mikanda. Kanuni hii inamhusu mpiga picha wa harusi huko Tarime sawasawa na mtalii wa Kogatende. Aidha, gari linapoingia katika miti yenye mbung'o, ni vema paa lifungwe mapema, kwa maana abiria anayepigana na inzi hao hamwangalii tena jirani yake wala ukingo wa kifuniko.

Upepo chini ya kifuniko

Paa la gari la watalii huinuliwa kwa mikono, na hushikwa na komeo. Komeo moja likisahauliwa, upepo huingia chini ya kifuniko. Msukumo wa upepo hukua kwa mraba wa mwendo. Katika nyanda za juu za Mara, meta moja ya ujazo ya hewa ina uzani wa takriban kilo 1. Kwa kifuniko kilichoinuka kikapokea upepo katika eneo la meta za mraba 1.5, kadirio la kani ni hili:

kwa kilometa 40 kwa saa: nyutoni 93
kwa kilometa 80 kwa saa: nyutoni 370

Mwendo umeongezeka mara mbili, kani imeongezeka mara nne. Kifuniko ambacho kilitikisika tu ndani ya hifadhi huweza kung'oka katika barabara kuu na kumwangukia anayefuata nyuma. Makomeo yote yakaguliwe kwa mkono, si kwa macho, kila mara kabla ya kutoka langoni.

Maji na vumbi

Mpira unaozunguka kifuniko cha kioo hupunguza maji na upepo. Haukuundwa kuzuia kila tone. Maji yanayopita hupokelewa na mfereji ulio chini yake, kisha huteremka kwa mirija myembamba, kwa kawaida minne, iliyopita ndani ya nguzo za gari, na kutokea chini karibu na magurudumu. Paa zuri, basi, ni lile linaloyapa maji njia ya kutoka.

Vumbi ndilo adui wa njia hiyo. Wakati wa kiangazi vumbi hujaa katika mfereji. Umande huligeuza tope, nalo hukauka ndani ya mirija. Mvua za masika zinapoanza mwezi wa Machi, maji hukosa pa kupita, hufurika katika dari na kuteremkia nyaya za umeme. Mwenye gari huulaumu mpira, akaupaka gundi. Gundi hukinatisha kifuniko, mota hukwama, fyuzi hukatika: kosa moja limezaa matatu.

Vumbi huharibu reli pia. Miamba mingi ya Tarime na ya kaskazini mwa Serengeti ni ya matale, na matale yana chembe za kwatsi. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs kwatsi ni 7, kioo ni karibu 5.5, na alumini ni karibu 3. Chembe hizo zikinaswa katika mafuta hukwangua reli kama msasa. Ndiyo sababu oili ya injini haifai hapo: hukusanya vumbi, na tena huvimbisha mpira.

Utaratibu wa matunzo

1. Kila juma wakati wa kiangazi, mfereji na reli zifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu, kuelekea upande mmoja.
2. Kila miezi mitatu, reli zipakwe grisi kidogo ya silikoni baada ya kusafishwa, na mpira upakwe mafuta ya silikoni.
3. Kabla ya masika na kabla ya vuli, nusu glasi ya maji imiminwe taratibu katika kila pembe ya mfereji. Maji yaonekane yakitoka chini ya gari.
4. Mrija ulioziba uzibuliwe kwa mshipi mnene wa nailoni, kama ule wa wavuvi wa Musoma. Waya wa chuma huutoboa, na upepo mkali wa kujazia magurudumu huweza kuuchomoa mahali pake.
5. Kifuniko kikianza kwenda polepole au kutoa sauti ya kukwaruza, kisiendelee kutumiwa mpaka sababu ijulikane.

Maswali na mazoezi

1. Nguvu inayofika kwenye ukingo wa kifuniko ni wati 15, na mwendo wake ni meta 0.1 kwa sekunde. Tafuta kani. Je, inazidi nyutoni 100?
2. Abiria amesimama katika gari liendalo kilometa 30 kwa saa. Tafuta kimo cha anguko kinacholingana na mwendo huo.
3. Eleza, kwa kutumia mraba wa mkondo, kwa nini fyuzi ya ampea 30 isiwekwe mahali pa ile ya ampea 15.
4. Chukua vumbi kavu la barabarani. Lisugue kwa kitambaa juu ya mfuniko chakavu wa sufuria ya alumini, kisha juu ya kipande cha kioo kilichopigwa msasa kingoni. Linganisha mikwaruzo, na ueleze matokeo kwa kipimo cha Mohs.
5. Kwa ruhusa ya mwenye gari lenye paa la umeme, na injini ikiwa imezimwa, fanyeni jaribio la nusu glasi ya maji. Andikeni ni mirija mingapi inayopitisha maji vizuri.