Uzamivu wa falsafa ya siasa: pesa hutoka wapi ukiwa mtoto wa Kabongo

Ujumbe ninaoupata mara nyingi kutoka kwa walimu vijana wa Kabongo na Kamina huwa mfupi: "Kaka, nitumie bursa," yaani ufadhili wa masomo. Nami hujibu kwa swali ambalo huwakera: unataka kutafiti nini? Wengine hunyamaza, wengine hujibu "falsafa ya siasa". Hilo ni jina la somo. Dosye nyingi za kwetu hufia hapo hapo, kabla habari ya pesa haijaguswa. Anayegharamia uzamivu hakulipi kwa sababu una akili, wala kwa sababu umetoka mbali. Analipia swali, na anataka kuona kwamba wewe unaweza kulijibu kuliko mwombaji mwingine.

Hapo ndipo mtu wa Haut-Lomami, mkoa wetu huku Kongo, ana mtaji asioujua. Padre Placide Tempels, mmisionari Mfransisko kutoka Ubelgiji, aliishi miongoni mwa Waluba, na kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu kilitoka kwa Kifaransa mwaka 1945 huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Ubishi uliozuka haujaisha: Alexis Kagame wa Rwanda alijibu kwa namna yake, Fabien Eboussi Boulaga wa Kameruni akamkosoa Tempels, Paulin Hountondji wa Benin akauliza kama ile ni falsafa hata kidogo, na V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, akachambua jinsi maarifa yote hayo juu ya Afrika yalivyotengenezwa. Popote duniani falsafa ya Afrika inapofundishwa, wanafunzi hukutana na mjadala uliotokana na maneno ya bibi na babu zetu. Ni wangapi kati ya wanaoujadili wanaosikia Kiluba? Wewe unakisikia tangu utotoni, na katika pendekezo la utafiti jambo hilo lina uzito kuliko sifa kumi za "bidii" na "nidhamu".

Nitoe mfano wa jinsi ya kulipata swali. Sote tumesimuliwa habari za Nkongolo, mtawala mkatili, na Kalala Ilunga, mwana wa mwindaji Mbidi Kiluwe, aliyeleta adabu ya utawala mpya. Sote tunajua pia kwamba ufalme wa Waluba uligawanyika, Kasongo Nyembo upande mmoja na Kabongo upande mwingine, na wakoloni wakaugandisha mgawanyiko huo kwa mipaka yao. Halafu iko sheria namba 15/015 ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya hadhi ya machifu wa kimila, inayotaka chifu ateuliwe kwa mila na kisha atambuliwe na serikali. Haya, ukoo ukisema huyu na barua ya serikali ikasema yule, uhalali uko wapi? Hilo ni swali la uzamivu. Linaeleweka kwa msomaji wa Hobbes na wa Weber, na bado haliwezi kujibiwa na mtu aliyekaa Oxford bila kutoka.

Pendekezo langu la uzamivu lilianza kwa swali la namna hiyo katika sentensi moja. Kisha nikaeleza nani ameshasema nini, nani hajaniridhisha na kwa nini, nitatumia ushahidi gani, na kwa nini hasa chuo nilichokiomba. Usiandike kwamba Afrika ina matatizo mengi ya uongozi. Wanajua.

Chagua pia mlango, yaani idara. Idara ya sayansi ya siasa itakuuliza njia: mahojiano mangapi, nyaraka zipi, utalinganisha chifu yupi na yupi. Idara ya falsafa haijali sana mahojiano. Inataka hoja, na mara nyingi inataka insha yako ya kurasa kama 15 hadi 25 ili ione unavyofikiri. Kumtumia mtu wa falsafa dosye iliyojaa madodoso ni kujifungia mlango mwenyewe. Mjomba wangu alikuwa na swali lake la tatu: "Mwanangu, hiyo siasa unayoisomea, utakuja kugombea lini?" Sikumjibu hadi leo.

Sasa pesa. Marekani, chuo kizuri kinachokukubali kwenye uzamivu kwa kawaida hukusamehe ada na kukupa posho kwa miaka kama mitano, nawe unafundisha au unasaidia wanafunzi. Kwa hiyo huko hutafuti bursa pembeni, unatafuta nafasi yenyewe. Wakikukubali bila pesa, kataa kwa heshima. Ada ya kuomba mara nyingi hupita dola 75 kwa kila chuo, lakini vyuo vingi huisamehe ukiandika mapema kueleza hali yako. Andika, hakuna aibu.

Ufaransa kuna mkataba wa udaktari wa miaka mitatu, na ni ajira yenye mshahara. Hushindaniwa katika shule za udaktari za vyuo, na bila msimamizi aliyekwisha kukubali huna pa kuanzia. Bursa ya Eiffel nayo huombwa na chuo cha Ufaransa kwa niaba yako, hivyo usipoteze muda kuwaandikia Campus France. Ubelgiji, mfuko wa utafiti wa kisayansi, FNRS, hutoa nafasi za utafiti za miaka minne kwa upande wa Kifaransa, na ushindani wake ni mkali. Mtafiti wa mambo yetu ana sababu nyingine ya kuitazama Ubelgiji: nyaraka za kikoloni ziko Brussels na Tervuren. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo, na DAAD, shirika lao la kubadilishana wasomi, hugharamia uzamivu, ila kwa kawaida shahada yako ya mwisho isiwe imepita miaka sita. Walimu mnaosubiri "hali itulie" kwanza, hesabuni miaka yenu.

Uingereza ndiko wengi wetu huumia. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola, ambao jirani zetu wa Tanzania, Zambia na Uganda huupata, haumhusu Mkongomani kwa sababu nchi yetu si mwanachama. Bursa ya Chevening ya serikali ya Uingereza tunaruhusiwa, lakini ni ya uzamili tu. Hubaki mifuko ya vyuo vyenyewe, kama Clarendon ya Oxford na Gates ya Cambridge. Barua ya kukubaliwa Uingereza isiyo na ufadhili ni deni la maelfu ya pauni kila mwaka. Msiifanyie sherehe kanisani.

Na Afrika je? Taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere, Uganda (MISR), ilipoongozwa na Mahmood Mamdani, ilianzisha uzamivu wa masomo ya jamii wenye masomo ya darasani na fikra za kisiasa ndani yake, na mimi nauona kuwa mgumu na mzuri kuliko wa vyuo vingi vya Ulaya. Chuo Kikuu cha Afrika cha Umoja wa Afrika kina taasisi ya utawala na sayansi za jamii huko Yaoundé, nacho hutoa ufadhili. Aliyebaki Chuo Kikuu cha Lubumbashi (UNILU) kama asistanti asidharau CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii Afrika lililoko Dakar: misaada yake kwa wanaoandika tasnifu ni midogo, lakini jina lake kwenye wasifu hufungua milango mingine.

Alama zetu zinahitaji mkalimani. Katika mfumo wetu wa zamani, 70% ni distinction, na aliyemaliza na 68% huenda ndiye alikuwa wa kwanza darasani. Kamati ya ng'ambo ikiona 68% hudhani ni mvivu. Mwombe profesa wako aandike waziwazi katika barua yake ya mapendekezo: kiwango kilikuwaje, ulikuwa wa ngapi, kati ya wangapi. Sentensi hiyo moja hufanya kazi kubwa kuliko ukurasa mzima wa kukusifia.

Barua zenyewe ziombe miezi miwili kabla. Maprofesa wa Lubumbashi wana wanafunzi mamia, na fomu za vyuo vya nje hutumwa kwa baruapepe inayozama katikati ya nyingine. Nenda kwake ana kwa ana, salimia vizuri, mpelekee pendekezo, alama zako na tarehe ya mwisho kwenye karatasi. "Profesa, shikamoo, nimekuja tena" si usumbufu. Anayetumia baruapepe ya kawaida isiyo ya chuo, mwombe atumie karatasi yenye nembo na mhuri, kwa sababu vyuo vingine hushuku.

Ukiwa Kabongo usisubiri siku ya mwisho, kwa maana siku hiyo ndiyo mtandao utakapoondoka na jua litakapokataa kuchaji betri. Skani diploma na alama zako zote unapokuwa Kamina au Lubumbashi, ziweke kwenye simu na pia mahali pengine. Wale wanaotaka dola 200 ili "wakuwekee bursa" wafukuzeni. DAAD, FNRS na CODESRIA hazina wakala sokoni.

Marekani hufunga Desemba na mapema Januari, vyuo vya Ufaransa huwasilisha majina ya Eiffel Januari, mikataba ya udaktari ya Ufaransa hushindaniwa zaidi kati ya Mei na Julai. Anayetaka kuondoka Septemba ya mwaka ujao aandike ukurasa wa swali lake mwezi huu, na pasipoti aiombe mwezi huu huu.