SOMO: SILAHA ZA SAULI HAZIKUMFAA DAUDI

Soma: 1 Samweli 17:32-50



Sauli alimvika Daudi silaha zake, na kofia ya shaba kichwani. Daudi akazivua. Hakuona haya kwamba hakuzizoea. Kombeo alilijua, na alikumbuka jinsi Mungu alivyomwokoa na simba na dubu alipochunga kondoo. Tuangalie vizuri: Daudi hakukimbia vita, alichagua namna ya kupigana.

Sisi watu wa Kolwezi tunaijua shaba. Mgodi wa Kamoto uliporomoka Septemba 1990, na miaka iliyofuata kazi ya Gécamines ilishuka sana, mishahara ikakawia. Wengi waliingia mashimoni kwa sababu jirani ameingia. Tarehe 27 Juni 2019 udongo uliwaangukia wachimbaji katika mgodi wa KOV, zaidi ya 30 wakafa. Hatuwahukumu, maana njaa haina huruma. Lakini tunawauliza vijana wetu: wewe unayejua kushona, kujenga ao kulima, mbona unavaa silaha za Sauli?

Tena, tusifiche udhaifu wetu. Pale mkono wangu unapokosa nguvu, wa ndugu yangu unaweza. Ndiyo sababu Mungu alituweka katika kusanyiko moja.

Maswali ya kujibu nyumbani:
1. Ni kazi gani ambayo Mungu amekwisha kukusaidia nayo?
2. Leo umevaa silaha za nani?
3. Ni ndugu gani utamfundisha unachokijua?

Amina.